Hasara Ina Mwenyewe



Katika mikutano ya vijana wa parokia zetu imejengeka desturi ya kumwalika mjasiriamali kijana ili atoe ushuhuda. Anasimama, anasimulia jinsi alivyoanza na dola hamsini, jinsi Mungu alivyomfungulia njia, jinsi adui alivyojaribu kumwangusha akashindwa. Makofi yanapigwa, wimbo unaanzishwa, na vijana wanarudi nyumbani wakiwa na joto moyoni lakini hawana jambo hata moja wanaloweza kulitumia Jumatatu asubuhi sokoni. Hatuna ugomvi na kumshukuru Mungu. Ugomvi wetu ni na yale yanayoachwa nje. Katika ushuhuda wa namna hii hamna deni, hamna mzigo ulionunuliwa kwa pupa, hamna mteja aliyepunjwa. Na hasara ikitajwa, daima ina mwenyewe mwingine. Ni jirani mwenye kijicho, ni shangazi wa upande wa baba, ni "mkono wa mtu". Msimuliaji mwenyewe hakukosea kamwe.

Sisi tunasema kwamba desturi hiyo inawaharibu vijana, inavibomoa vyama vya kuweka na kukopa vilivyojengwa kwa jasho la mama zetu, na inagusa imani yenyewe, kwa kuwa inawazoeza watu kuungama dhambi za wengine.

Kabla hatujaendelea, tuwatendee haki wale wanaostahili haki. Yako mengi katika nchi hii ambayo kijana hana mkono ndani yake. Aliyeporwa duka lake na watu wenye silaha hana la kuungama. Aliyekuwa na akiba yake katika benki ya Goma au ya Bukavu, akakuta milango imefungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, hakufanya kosa la kuweka akiba. Aliyelipishwa njiani mara tano kwa mzigo mmoja, kwenye vizuizi ambavyo havitoi hata kipande cha karatasi, anadhulumiwa, na Kanisa lina wajibu wa kulisema hilo kwa sauti. Atakayeyachukua maneno yetu ili amwambie maskini kwamba umaskini wake ni kosa lake mwenyewe, huyo ametuibia maneno.

Lakini tuifungue Injili ya Luka, sura ya 15, tuisome polepole kuliko tulivyozoea. Kijana yule aliyedai urithi wake akaenda mbali hakuanguka kwa sababu moja. Alitapanya mali, ndiyo. Lakini Mwinjili anasema wazi kwamba njaa kubwa iliikumba nchi ile. Njaa ilikuwa ya kweli, haikuzuliwa. Kijana angeweza kurudi kwa baba yake na habari ya njaa tu, na kila mtu kijijini angemwamini na kumhurumia. Sasa tazameni maneno anayoyatayarisha akiwa kati ya nguruwe: hamna njaa ndani yake. Anataja lake tu. Alijua kutenganisha kilichomjia kutoka nje na kilichotoka mkononi mwake, na hicho cha pili ndicho alichokibeba hadi mlangoni pa baba. Njaa aliiacha kule ilikokuwa.

Kazi ya kutenganisha ndiyo tunayoidai kwa vijana wanaofanya biashara, na ndiyo inayokwepwa zaidi kuliko kazi nyingine yoyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kweli, mali nyingi zinazosemekana kulogwa zilipotea bila habari kwa sababu hapakuwa na daftari.

Tuchukue mfano, tena wa hesabu nyepesi. Kijana anakopa dola 600 na kununua mifuko 30 ya unga kwa dola 20 kila mmoja. Siku hiyo dola moja ni faranga 1,000, hivyo mtaji wake ni faranga 600,000. Anauza rejareja kwa faranga, kipimo kwa kipimo, kwa muda wa miezi miwili, naye anajiwekea faida ya sehemu moja katika kumi. Mwishoni ana faranga 660,000 mkononi. Anafurahi: amepata 60,000! Ananunua viatu, anachangia arusi ya rafiki, anampa mdogo wake pesa ya shule. Zinabaki 600,000, mtaji wake kamili, ndivyo anavyodhani. Anarudi depo. Lakini katika miezi hiyo miwili dola imepanda hadi faranga 1,200, na mwenye depo anahesabu kwa dola. Zile 600,000 sasa ni dola 500. Anapata mifuko 25. Mitano imekwenda wapi? Hakuibiwa, hakula hata kikombe kimoja cha unga. Hata kama asingeigusa ile "faida", angekuwa na dola 550, yaani pungufu ya alizokopa. Faida haikuwapo tangu mwanzo. Akizunguka hivyo mara tatu au nne, biashara imekufa. Na kwa kuwa hakuona mwizi yeyote, anaanza kumtafuta mwizi asiyeonekana.

Mfano huu si mchezo wa ubao. Mwishoni mwa mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Miaka miwili baadaye ilikuwa imekaribia 1,600. Wachuuzi wangapi waliangamia katika miaka ile huku wakiuza vizuri kila siku? Na wangapi kati yao walipelekwa kwenye vyumba vya maombi ili wafunguliwe vifungo, ilhali walichohitaji kilikuwa kalamu, na mtu wa kuwaambia kwamba anayenunua kwa dola na kuuza kwa faranga anapaswa kuitazama bei ya dola kila jioni, kama mvuvi anavyotazama mawingu juu ya ziwa? (Tuseme pia, kwa kupita tu, kwamba faranga ilipopata nguvu mwaka 2025, wafanyabiashara waliokuwa hodari wa kuitaja dola wakati wa kupandisha bei hawakuwa wepesi kuikumbuka iliposhuka. Daftari la kweli husomwa pande zote mbili.)

Huyo mwizi asiyeonekana anaishia kupewa sura, na sura hiyo ni ya mtu dhaifu: bibi kizee anayeishi nyuma ya nyumba, mjane, mtoto yatima aliyechukuliwa na mjomba. Tunawajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu biashara ya mwenye nyumba ilianguka. Wanalala kwenye mabaraza ya maduka, na watu wazima wanawaita kwa majina ya dharau. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumtupa mtoto na kumshtaki uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo kwa anayemshtaki hivyo. Lakini sheria haitamfikia kijana anayesema kwa sauti ya chini, ndani ya kikundi chetu cha sala, kwamba tangu yule mtoto aje nyumbani duka halijasimama. Anayeweza kumfikia ni ninyi mlioketi naye kwenye benchi moja. Mkimsikia, mwulizeni daftari liko wapi. Mkinyamaza, au mkianzisha wimbo wa kuzivunja nguvu za giza, mmeusaini uongo ambao mtoto mmoja ataulipia kwa kulala nje. Kuna wakati ambapo kukataa kuhesabu kunakuwa ukatili, nao ndio huo.

Upande wa pili umeingia mafundisho mengine, ya mjini, yenye suti na maikrofoni. Hayo hayamtaji mchawi. Yanasema kushindwa ni shule, kila tajiri alifilisika kwanza, usijute, songa mbele. Kwa masikio ya haraka hayo yanafanana na haya tunayoyaandika. Hayafanani. Mtoa semina anamsifu aliyeanguka mara tatu akainuka, wala haulizi hata mara moja ni nani aliyeangukiwa. Kila biashara iliyokufa imeacha watu: aliyeuza mzigo kwa mkopo, msichana aliyefanya kazi miezi miwili bila mshahara, shangazi aliyetoa akiba ya matibabu yake. Kuigeuza hasara yao kuwa "shule" yangu, kisha kwenda zangu nikiwa nimeelimika, ni kusoma kwa karo ya wengine. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna semina iliyowahi kuipata dawa nyingine.

Hapa Mama Kanisa anatufundisha vizuri zaidi kuliko wote wawili, mfukuza mapepo na mtoa semina. Tangu katekisimu tumejifunza kwamba anayetubu ana matendo matatu: majuto, ungamo na malipizi. Mfukuza mapepo anayaondoa yote matatu kwa mpigo mmoja. Mtoa semina anabakiza kipande cha ungamo, kile cha kujisimulia mbele ya watu, na kuyaacha mengine. Zakayo wa Yeriko hakusema amejifunza mengi kutokana na makosa yake. Alisimama akataja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ni ungamo lenye tarakimu, na Bwana hakuona haya kuingia katika nyumba ambamo hesabu ilikuwa ikifanywa.

Mtu atatupinga hapa, tena kwa haki: kununua mzigo kwa bei mbaya si dhambi, basi kwa nini mnaleta sakramenti ya kitubio katika mambo ya unga na viatu? Tunakubali. Kukosea hesabu si dhambi. Kutokujua bei ya dola ya mwezi ujao si dhambi. Kuamini rafiki asiyeaminika ni upungufu wa busara, si uvunjaji wa amri. Dhambi inaanza baadaye, na mara nyingi inaanza siku ile ile: pale ambapo kosa lisilo na hatia linatafutiwa mtu wa kulilipa kimyakimya. Samaki waliolala siku mbili wanachanganywa na wa leo. Kipimo kinabonyezwa ndani. Mafuta yanaongezwa. Mkopo mpya unachukuliwa ili kuufunika wa zamani, na mkopeshaji haambiwi. Hasara ilikuwa moja, ndogo, tena ya mtu mmoja. Kwa kufichwa imekuwa ya watu wengi na imepata sumu.

Wenzetu wa Goma wana shahidi wa jambo hili, naye ni wa rika lenu. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akaishi imani yake katika Jumuiya ya Sant'Egidio pamoja na watoto wa mitaani, akafanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Udhibiti wa bidhaa. Chakula kilichoharibika kililetwa kipite. Pesa zikaletwa ili afumbe macho. Alikataa. Mwezi wa Julai mwaka 2007 alitekwa nyara, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tumezoea kumhubiri kama shahidi dhidi ya rushwa, na ndivyo alivyo. Lakini mtazameni pia kwa jicho la biashara. Chakula kibovu ni hasara iliyokwisha kutokea. Imeshapatikana, hakuna muhuri utakaoifanya isiwepo. Swali pekee lililobaki mezani pa Floribert lilikuwa ni nani ataibeba: mwenye mzigo, kwa mfuko wake, au watoto wa Goma, kwa matumbo yao. Waliomwua walikuwa watu wasiokubali kwamba hasara ina mwenyewe. Basi kijana anayemwomba Floribert amwombee mafanikio ya biashara, huku anauza maziwa ya unga ambayo tarehe yake ameikwangua kwa wembe, ajue anasali kwa mtu aliyekufa mikononi mwa wafanyabiashara wa aina yake.

Baba Mtakatifu Fransisko alipozungumza na vijana na makatekista katika uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, alimtaja Floribert huyo, na aliwapa vijana mafundisho kwa kutumia vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, utumishi. Wengi wenu mnayakumbuka. Tunaomba mtambue mpangilio wake. Uaminifu ni kidole cha kati, msamaha ni kidole kinachofuata. Wadaiwa wengi wa vyama vyetu hukiruka cha kati: wanakuja na maandiko ya msamaha mkononi kabla hawajasema ni kiasi gani, tangu lini, na kimekwenda wapi.

Tuingie basi ndani ya hivyo vyama, maana ndimo maneno yote haya yanapopimwa. Mnaijua mutwelle ya mshikamano, MUSO, na makasha yake matatu: la kijani la mikopo, jekundu la msaada wakati wa shida, la buluu la fedha zinazotoka nje. Mnaijua AVEC na sanduku lake lenye kufuli tatu na funguo zilizogawanywa kwa watu watatu. Wazee waliotuletea mipango hii walimfikiria mwizi, wakaweka kufuli. Hawakuweka kufuli dhidi ya haya. Kijana aliyepoteza mtaji wa kasha la kijani anaona aibu kusema, basi anakuja kuomba kasha jekundu kwa jina la ugonjwa ambao haupo. Anapewa, kwa kuwa wanachama wana huruma. Mwezi unaofuata mama mwenye mtoto mgonjwa kweli anakuta kasha limekauka. Hakuna aliyevunja kufuli. Uongo mmoja mdogo, uliosemwa ili kulinda jina, umepita katikati ya kufuli zote.

Sheria yenyewe ya biashara imekwisha kuliona jambo hili. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika mfumo wa OHADA, na katika mfumo huo mfanyabiashara ambaye hawezi tena kulipa madeni yake yaliyoiva ana siku 30 za kwenda kulitangaza mahakamani. Siku thelathini! Hatusemi muuza sambaza wa Kadutu aende mahakama ya biashara. Tunasema kwamba hata wanasheria, ambao hawana sifa ya upole, wameelewa kwamba hasara iliyotajwa mapema inaweza kupangiwa njia, na hasara iliyofichwa mwaka mzima inaacha maiti tu. Kwa nini vyama vyetu visiwe na kanuni kama hiyo? Mwanachama anayeona hawezi kulipa aseme ndani ya mwezi mmoja, alete daftari, apangiwe upya muda. Na asiyesema, apoteze haki ya kupangiwa. Kanuni hiyo ni nyepesi kuandikwa. Kuna kitu kimoja tu kinachoizuia.

Kitu hicho ni namna tunavyomtazama anayesema kweli. Katika vikundi vingi, wa kwanza kusema "nimepoteza" anaondolewa katika uongozi wa kwaya, anaimbiwa mafumbo, na familia ya mchumba wake inapewa habari kabla jua halijazama. Anayesema "nimelogwa" anawekewa mikono na kuombewa. Mlitegemea vijana wachague lipi? Mzazi anayemchapa mtoto aliyekiri kuvunja sahani, na kumbembeleza yule anayemsingizia paka, asishangae akilea mwongo. Viongozi wa makundi mnaosoma ukurasa huu, lawama hii ni yenu kwanza, kabla ya kuwa ya wadogo mnaowaongoza. Njia ya kuona, kuamua na kutenda, ambayo Padri Cardijn aliwaachia vijana wafanyakazi na ambayo Papa Yohane wa 23 aliipendekeza kwa Kanisa zima mwaka 1961, inaanza na kuona. Kikundi kinachomwadhibu aliyeona kimejikata mguu wa kwanza.

Wapo watakaosema tumekuwa wakali, na kwamba mdaiwa anahitaji huruma kuliko daftari. Huruma tunaitaka sana. Lakini huruma kwa nani? Mwisho wa mzunguko, mama mmoja wa mtaani atakuja kwenye kikao na kijitabu chake kilichokunjika, chenye mihuri ya kila Jumamosi, hisa moja moja kwa wiki arobaini na nane. Ameuza sombe ili kuipata kila moja. Atakaa kwenye benchi akingoja sanduku lifunguliwe. Kijana aliyekopa atakuwepo au hatakuwepo. Akiwepo, na akisimama kabla ya funguo kuingizwa, akataja kiasi, sababu iliyo yake, na tarehe ya kuanza kulipa, mama huyo atakasirika, naye ana haki ya kukasirika. Kisha atauliza ni kiasi gani kwa wiki. Swali hilo ndilo tunalotaka lianze kusikika katika parokia zetu, na kwa mkutano wa mwezi ujao tunaomba kila kikundi kimweke mtu wa kuandika majibu yake.